Nairobi–New York saa 15: kwenda bizinesi klasi, kurudi ikonomi (uzi mrefu)

Mpanda Mbingu

Wakuu, heshima kwenu.

Nilikwenda New York kikazi na Kenya Airways, ile inayoruka moja kwa moja kutoka Nairobi. Kwenda ofisi ililipia bizinesi klasi. Kurudi nilijilipia mwenyewe, nikakaa ikonomi, kwa sababu nilibaki kule kwa mambo yangu binafsi. Kwa hiyo nimekaa pande zote mbili za pazia, kwenye ndege ya aina ileile na njia ileile. Humu kila mwezi mtu anauliza kama ile hela ina maana, na majibu mengi ni ya watu waliopita tu pale mbele wakielekea siti namba 34. Nashusha kwa vipande, natumia simu.

Kokoto

Siti ya mbele kabisa. Mkuu shusha.

chai_rangi

Bila picha hii ni chai. Weka picha tuone.

Mpanda Mbingu

Picha za watu wamelala midomo wazi sipigi, tafuta kwingine.

Tuanzie Dar. Dar–Nairobi ni Embraer, saa moja na ushee. Bizinesi ya humo ni siti pana kidogo, hailali, unakula haraka haraka mnatua. Kipande hicho peke yake mtu asikushawishi ukilipie, isipokuwa una mizigo. Tiketi ya bizinesi inakupa mabegi mawili ya kilo 32 kila moja, na wale mnaopelekea watoto unga na dagaa mnaelewa ninachosema.

Nairobi unasubiri Terminal 1A. Wana launji mbili pale, Pride na Simba. Sitazielezea sana, launji ni launji: viti, chai, watu wanaongea na simu kwa sauti kubwa. Muhimu ni kwamba nilikula nikashiba. Hilo mlishike, nitaeleza kwa nini.

Ndege inaondoka usiku, kati ya saa tano na saa sita. Getini kuna ukaguzi wa mara ya pili kwa sababu ni safari ya Marekani: begi la mkononi linafunguliwa, maswali mawili matatu. Tiketi yako iwe ya mbele au ya nyuma, foleni hiyo ni ya wote.

Ndani sasa. Ni Boeing 787-8, Dreamliner. Siti 234 jumla, 30 za bizinesi na 204 za ikonomi. Bizinesi zimepangwa mbili-mbili-mbili, safu tano. Ikonomi tatu-tatu-tatu.

Nilikuwa upande wa kushoto, kwenye korido. Dirishani alikaa mama mtu mzima wa Nyeri, wanawe wako New Jersey ndio waliomkatia tiketi. Kabla hatujapaa akanigeukia: "Mwanangu, hiki kitu kinalala aje?" Nikamwonyesha kitufe. Ukikibonyeza, makalio yanasogezwa mbele taratibu, mgongo unashuka, miguu inaingia kwenye kijipango chini ya skrini, mwisho kila kitu kinakuwa bapa. Akacheka peke yake, akairudisha, akailaza tena, akairudisha. Tulipopaa na taa ya mikanda kuzimwa, akatoa leso kwenye mkoba, akaitandika juu ya kile kigodoro walichotupa, akafunga kitambaa kichwani, akalala. Chakula hakijapita! Mhudumu akaja na menyu, akanitazama mimi, nikamwambia mama keshalala. Akatabasamu, akamwongezea blanketi.

Mimi nikabaki nimekaa wima na kitambaa cheupe mapajani. Vitangulizi, mkate, samaki, jibini, tunda, kahawa. Vizuri, sina neno. Ila vinakuja kimoja kimoja, na kahawa ilipofika nilikuwa nimeshakaa muda mrefu sana nikimwangalia yule mama anavyokoroma.

Hapo ndipo nilipoelewa ninachotaka kuwaambia. Bizinesi ya safari ndefu ya usiku ni kitanda. Kila kitu kingine ni nakshi, na nakshi nyingine zinakula muda wa kitanda.

Kokoto

Huyo mama ana akili nyingi kuliko wengi humu 😂

Fundi Mbawa

Mleta mada kaeleza vizuri, niongezee kidogo upande wa ndege yenyewe maana ndio kazi yangu.

Watu hudhani inaondoka usiku kwa ajili ya abiria wakalale. Sehemu ni kweli, inafika New York asubuhi na mtu anapata muda wa kuunganisha ndege nyingine. Lakini JKIA, uwanja wa Nairobi, iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi, na joto la mchana linaifanya kuwa nyepesi zaidi, kwa hiyo bawa na injini vinapata hewa pungufu ya kufanyia kazi. Ndege iliyojaza mafuta ya saa 15 ikitaka kuruka saa nane mchana, lazima upunguze uzito: ama watu, ama mizigo. Usiku kumepoa, unabeba zaidi.

Pili, 787 mwili wake mwingi ni nyuzi za kaboni, si alumini. Unavumilia msukumo mkubwa zaidi wa hewa ya ndani na hauogopi unyevu kama alumini. Ndege nyingi za zamani ndani wanakuweka kwenye hali ya hewa ya kama mita 2,400 juu ya bahari. 787 ni kama 1,800. Kwa lugha rahisi, ni kama umelala Mbeya mjini. Kichwa hakigongi sana, koo halikauki sana. Na hili, tafadhali lisikike, linamfaidi wa ikonomi sawasawa na wa bizinesi. Hewa haina pazia.

mtoto_wa_Likoni

Salamu kutoka pwani ya Kenya. Hiyo safari ilipozinduliwa tarehe 28 Oktoba 2018 tuliikesha. Walisema marubani wanne na wahudumu 12 kwa kila safari, maana saa 15 rubani mmoja hawezi kukaa pale. Watu wa Bongo mkija huku mnatusema, lakini ndege yetu mnaipenda 😀

Ninachopenda mimi ni kuomba maji kwa Kiswahili nikiwa juu ya Atlantiki.

chai_rangi

ATCL, shirika letu la Tanzania, nao wana Dreamliner tangu 2018. Wana bizinesi 22 na ikonomi 240. Kwa nini sisi hatuendi New York?

Fundi Mbawa

Kuwa na ndege si kuwa na ruhusa. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, haiangalii shirika kwanza, inaangalia nchi: jinsi mamlaka ya nchi hiyo inavyosimamia usalama. Kenya ilipewa Kundi la Kwanza mwaka 2017, ndipo 2018 ikaruka. Bila hilo, shirika la nchi husika haliwezi kuanzisha safari ya kwenda kule hata likiwa na Dreamliner kumi. Tusiufanye uzi wa siasa.

Bibi Harusi Mstaafu

Mleta mada, bei? Mbona unazunguka?

Mpanda Mbingu

Dada, sizunguki. Kwenda sikulipa mimi. Na bei hizi zinapanda na kushuka kwa tarehe, nikikutajia namba kesho utanisema. Kwa nilivyoona nikipekua tarehe mbalimbali, bizinesi ya njia hii mara nyingi hucheza kwenye mara tatu hadi nne ya ikonomi. Desemba na Juni–Julai usiguse kama huna haraka.

Kokoto

Mara nne? Si bora ujenge msingi wa nyumba?

Bwana Hesabu

Nilijua tu lazima aje mtu wa msingi wa nyumba. Humu hata mtu akinunua miwani anaambiwa angejenga.

Lakini hoja yake tuitazame. Chukua tofauti ya bei ya njia moja, igawe kwa saa unazolala kweli. Siyo saa za ndege, saa za usingizi. Ukienda unaruka usiku, ukifika ni asubuhi, na una kikao saa nne. Kila saa ya usingizi ina thamani. Ukirudi je? Ile ndege inatoka New York mchana. Nusu ya safari mwili wako hautaki kulala hata uwekewe kitanda cha mfalme. Kwa hiyo saa zilezile za ndege, usingizi tofauti, bei karibu sawa.

Mpanda Mbingu

Bwana Hesabu umenitangulia, ndiko nilikokuwa naelekea. Sasa nisimulie kurudi.

Kurudi ni kama saa 14, upepo unasukuma. Ikonomi, siti ya katikati upande wa kulia, kushoto kijana wa chuo, kulia baba mwenye mabega. Saa za mwanzo wala sikuteseka. Ni mchana, nimelala vizuri usiku uliopita, nikatazama filamu, nikala, nikasoma. Vioo vya madirisha ya 787 havina pazia la kuvuta, kuna kitufe kinachofanya kioo kiwe cha bluu nzito, na wahudumu walivififisha vyote kwa pamoja ili watu wapumzike. Baba mwenye mabega akakasirika, alitaka kuiona Atlantiki. Akabonyeza kitufe, hakuna kitu. Akabonyeza tena. "Wametufungia," akasema.

Mateso yalianza baadaye, pale usiku wa nje ulipokutana na usingizi wangu. Shingo haina pa kwenda. Unaegemea mbele kwenye kimeza, damu inajaa usoni. Unaegemea nyuma, kichwa kinaangukia bega la baba. Magoti yanakutana na mfuko wa siti ya mbele. Nililala kwa vijipande vya kukatika katika mpaka tunashuka Nairobi.

Lakini sikuwa na kikao siku hiyo. Nilifika Dar, nikaoga, nikalala, nikaamka mzima. Ndiyo maana mtu akiniuliza ningelipa mwenyewe, nitajibu: kwenda ndiyo, kama kuna kazi ya maana inayonisubiri asubuhi ileile. Kurudi hapana.

Muuguzi wa Zamu

Naomba nafasi kidogo kwa ajili ya afya.

Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo mwaka 2007 kuhusu damu kuganda kwenye mishipa ya miguu kwa wasafiri. Safari ya muda wa saa nne au zaidi ukiwa umekaa bila kujongea, iwe ndege, basi au gari, inaongeza hatari karibu mara mbili. Msishtuke, kwa mtu mwenye afya hatari yenyewe ni ndogo, kama mtu mmoja kati ya 6,000. Lakini wajawazito, waliofanyiwa upasuaji karibuni na waliowahi kupata tatizo hilo, muoneni daktari kabla ya safari.

Watu wanadhani ni ugonjwa wa ikonomi. Siyo. Ni ugonjwa wa kutojongea. Mtu wa bizinesi akipiga mvinyo glasi kadhaa, akalala bapa usiku kucha bila kugeuka, naye hajasalimika kwa sababu tu alilipa zaidi. Amka, tembea koridoni, zungusha vifundo vya miguu, kunywa maji. Soksi za kubana zinasaidia, mradi ziwe za saizi yako.

Mpanda Mbingu

Asante dada. Yule mama wa Nyeri alitembea kuliko sisi sote, na hapa ndipo kasoro ya mpango wa mbili-mbili-mbili ilipo. Wa dirishani hana njia yake. Mimi nimelala bapa, miguu imejaa nafasi yote, yeye anataka msalani. Akaamka, akashika mgongo wa siti ya mbele, akanyanyua mguu mmoja juu ya magoti yangu, akasimama hapo kati kidogo akitafuta pa kukanyaga gizani. "Pole mwanangu, endelea kulala." Nikainuka nimpishe, akakataa katakata. Kurudi vilevile. Sikuudhika hata kidogo, lakini angekuwa mtu mzito au mgonjwa wa goti ingekuwa shughuli.

Siti hizi ni za kizazi cha 2014 ndege zilipoanza kuja. Zinalala bapa kweli, ila wakati ule mashirika mengi yalikuwa hayajaanza kumpa kila abiria njia yake.

Mzaramo wa Houston

Ndiyo maana sisi wengine tunapitia Doha. Qatar Airways walitoa bizinesi yao mpya, Qsuite, mwaka 2017: moja-mbili-moja, kila mtu ana njia yake, na kila siti ina mlango wa kuteleza. Unajifungia. Siti za kati ukiwa na mwenzio mnashusha kizuizi, mnapata kitanda cha wawili. Watu wanne wakielewana wanageuza kona nzima kuwa chumba cha familia. Ukishazoea hiyo, mbili-mbili-mbili ni ya zamani sana.

Bwana Hesabu

Mlango ni mzuri, lakini hesabu usingizi. Dar–Doha ni kama saa sita, Doha–New York kama saa 14. Ukiondoka Dar usiku, unalala kidogo, unaamshwa kutua, unatembea uwanja mzima wa Hamad ukiipita ile sanamu kubwa ya dubu wa njano, unasubiri, unapanda tena. Usingizi umekatwa vipande viwili. Kupitia Nairobi, kipande kifupi kinakwisha jioni ukiwa macho, halafu usiku mmoja mrefu bila kuamshwa. Nikipewa nichague kati ya mlango na usiku mzima, nachukua usiku mzima.

Mzaramo wa Houston

Hapo umenibana kidogo. Ila mimi naishi Houston, kupitia New York kwangu ni ndege ya tatu. Kila mtu na ramani yake.

Fundi Mbawa

Na kabla hujalipia popote, angalia aina ya ndege, usiangalie jina la shirika. Emirates wana bizinesi ya moja-mbili-moja kwenye A380, ila 777 zao nyingi ambazo hazijakarabatiwa ni mbili-tatu-mbili. Ndiyo, bizinesi yenye siti ya katikati! Mtu analipa mamilioni kisha anakaa kati ya wawili, sawa na kwenye basi la Ubungo. Ramani ya siti ipo wazi kwenye tovuti unapokata tiketi. Ifungue.

Dada Fundi Cherehani

Hata ukiifungua wanaweza kukubadilishia. Shirika moja, silitaji, nililipia ndege yenye siti mpya, siku ya safari ikaletwa ndege nyingine yenye siti za kuinama, zile ambazo ukilala unateleza polepole kuelekea miguuni. Usiku kucha najivuta juu, nateleza, najivuta. Nilipodai, wakanijibu kuwa walichoniuzia ni daraja, si siti. Someni masharti.

chai_rangi

"Tumekuuzia daraja si siti." Hii ntaitumia kwa mpangaji wangu.

Kokoto

Mkuu, ulisema tukumbuke chakula cha launji. Hujamalizia.

Mpanda Mbingu

Kweli. Iko hivi. Chakula cha ndegeni kina kazi ngumu: hewa kavu na presha ya chini vinapunguza uwezo wa ulimi kuonja chumvi na sukari. Mpishi akiwa hodari kiasi gani, huko juu ladha imeshapigwa. Chenye nyanya, viungo na mchuzi mzito ndicho kinachostahimili kidogo, ndiyo maana unaona mtu ambaye hanywi juisi ya nyanya duniani anaiomba mbinguni. Sasa, launji uko ardhini, ulimi ni mzima. Kula pale, shiba, panda, mwambie mhudumu mapema kwamba usiamshwe mpaka kifungua kinywa. Wala hawaoni vibaya, wamezoea. Vaa nguo laini kabla taa hazijazimwa, piga mswaki kabla foleni ya msalani haijaanza. Safari inafukuzana na usiku kuelekea magharibi, giza ni refu ajabu, ukilitumia vizuri unashuka JFK, uwanja wa New York, kama mtu.

Mimi ile kwenda nililila lile giza kwa samaki na jibini, nikalala baadaye. Na bado nilishuka nikiwa na nguvu kuliko nilivyoshuka Nairobi kwenye kurudi.

Bibi Harusi Mstaafu

Nimeelewa. Mimi nampeleka mama yangu, miaka sabini na kitu, miguu inavimba. Ana mizigo. Tutakuwa wawili, ila hela ni ya bizinesi moja tu. Nifanyeje?

Mpanda Mbingu

Mpe mama, wewe kaa ikonomi. Kwenda tu, kurudi mkae pamoja ikonomi, safu inayotazama ukuta, ambako miguu inanyooka.

Na usimweke dirishani. Mchukulie moja ya zile mbili za katikati: kila moja ina korido yake, hakuna anayemruka mwenzie. Dirishani nzuri ni kwa mume na mke, wanajuana. Epuka safu ya mwisho, pazia la ikonomi linafunguka na watoto wanalia hapo hapo. Epuka pia iliyo karibu na jiko kama usingizi wake mwepesi.

Ukipanda, mwone mhudumu mwambie una mama yako mbele, akusaidie kumwangalia. Kwa kawaida wa nyuma hapandi kwenda kukaa mbele, lakini hakuna wa kukukataza kumsalimia akija kunyoosha miguu.

Muuguzi wa Zamu

Na aombewe kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi, si siku ya safari. JFK Terminal 4 kutoka getini hadi uhamiaji ni mwendo.

Bibi Harusi Mstaafu

Kutoka New York tunaunganisha ndege ya Boston. Mabegi yanakwenda moja kwa moja mpaka huko?

Mzaramo wa Houston

Hapana. Marekani bandari ya kwanza ya kuingilia ndipo unapochukua mabegi yako, hata kama lebo imeandikwa Boston. Unapita nayo forodha, unayakabidhi tena nje. Acha angalau saa tatu kati ya ndege na ndege. Na kama ndani kuna nyama ya kukausha, itoe mapema, la sivyo mama atanyang'anywa na faini juu.

Bibi Harusi Mstaafu

Kuna dagaa na unga wa muhogo.

Mzaramo wa Houston

Dagaa wakavu na unga kwa kawaida vinapita, ila viandikwe kwenye tamko la forodha. Usiseme "zawadi". Sema ni samaki wakavu.

mtoto_wa_Likoni

Na abebe leso ya kutandika.